Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyeuachia Umma Wimbo wa Taifa

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, katika uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Umati uliofurika uwanjani ukasimama kwa Mungu Ibariki Afrika, kwa mara ya kwanza kama wimbo wa dola huru. Mtunzi wa lahani ile alikuwa amefariki miaka 56 kabla ya usiku huo. Hakuwa mwanasiasa, wala mwanajeshi, wala mtu wa ukoo wa kichifu. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni pembezoni mwa Johannesburg, na wimbo wenyewe aliwatungia wanafunzi wake.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa yapata mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, ambao sasa unaitwa Kariega, katika Koloni ya Cape, Afrika Kusini. Familia yake ilikuwa ya Waxhosa wa ukoo wa Mpinga. Kama vijana wengi wa kizazi chake waliobahatika kupata elimu, alipelekwa Lovedale kusomea ualimu.

Lovedale inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa maana bila chuo hicho ni vigumu kuelewa yaliyofuata. Kilianzishwa na wamisionari wa Uskoti katika karne ya 19, karibu na mji wa Alice, na kwa miongo mingi ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya walimu, makarani, wahariri na wachungaji Waafrika wa kusini mwa bara hili. Kilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji. Zaidi ya hayo, kilikuwa na mazoea ya kuimba kwa sauti nne, na mtu aliyeyapa mazoea hayo heshima alikuwa Mwafrika, John Knox Bokwe. Bokwe alitunga nyimbo za Kixhosa na kuzichapisha hapo hapo chuoni mwaka 1885. Vilevile aliandika katika alama za muziki utenzi wa Ntsikana, nabii wa Kixhosa aliyefariki mwaka 1821, ambao lahani yake ilikuwa ikipokezwa kwa masikio. Kijana aliyepita katika mazingira hayo alijifunza jambo moja ambalo shule nyingi za kikoloni hazikulifundisha, nalo ni kwamba Mwafrika aweza kutunga, kuandika na kuchapisha muziki wake kwa lugha yake.

Alama walizotumia zilikuwa za solfa. Wanakwaya wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa madaftari ya kwaya nyingi za makanisa yetu yangali yameandikwa kwa mtindo huo huo. Mfumo huo ulienezwa nchini Uingereza na mchungaji John Curwen, aliyeendeleza kazi iliyoanzishwa na mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover. Kila sauti ya ngazi ya muziki huandikwa kwa herufi moja, kuanzia do hadi ti, na mapigo hugawanywa kwa nukta pacha na mistari ya wima. Do haina makao ya kudumu. Mwalimu huiweka pale sauti za wanafunzi wake zinapofika, na nyingine zote huifuata.

Faida ya mfumo huo kwa shule maskini ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Muziki wa mistari mitano uliotumika Ulaya ulidai karatasi maalumu, uchapaji wa gharama na, kwa kawaida, kinanda. Solfa ilidai chaki. Mwalimu aliandika ngazi ubaoni, akashika fimbo, akagusa herufi moja baada ya nyingine, na darasa likaimba alichogusa. Asipokuwa na ubao alitumia ishara za mkono, kila sauti na ishara yake. Darasa la watoto wasio na chombo chochote cha muziki liliweza, kwa miezi michache ya mazoezi, kusoma wimbo mpya kwa sauti nne. Watoto hao hao wakirudi nyumbani waliweza kuwafundisha wazazi wao. Huo ndio mtaji pekee ambao Sontonga alitoka nao Lovedale, na ulimtosha.

Miaka aliyokuwa akikua ilikuwa pia miaka ya msisimko mkubwa wa uimbaji miongoni mwa Waafrika wa kusini. Mwaka 1890 kundi la waimbaji Weusi kutoka Marekani, likiongozwa na Orpheus McAdoo, liliwasili Cape na kuzunguka nchi likiimba nyimbo za kiroho za watu waliotoka utumwani. Wasikilizaji Waafrika waliona watu wa rangi yao wakilipwa kuimba, wakishangiliwa na hadhira za Wazungu. Mwaka uliofuata kwaya ya Waafrika, ambayo baadhi ya wanachama wake walikuwa wamepitia Lovedale, ilisafiri hadi Uingereza. Safari hiyo ilijaa matatizo ya fedha na usimamizi, lakini habari zake zilienea katika kila shule ya misheni. Kuanzia hapo, shule isiyokuwa na kwaya ilionekana kama nyumba isiyo na mlango.

Sontonga alipomaliza masomo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji wenyewe ulikuwa mchanga kuliko yeye. Dhahabu ya Witwatersrand ilitangazwa mwaka 1886, naye akiwa na umri wa miaka ipatayo 13, na ndani ya miaka 10 mahali palipokuwa nyika pakawa na wakazi wapatao 100,000. Waafrika walitiririka migodini kutoka Msumbiji, Basutoland, Natal, Cape na kwingineko. Wengi walikaa katika makambi ya wanaume watupu. Wengine walijibanza na familia zao katika vitongoji vya mabati. Sheria za pasi ziliwabana kila walikokwenda, na mwaka 1897 wenye migodi walikubaliana kupunguza ujira wa wafanyakazi Waafrika.

Juu ya hayo yote ikaja sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ndio uliokuwa umeteketeza mifugo ya Wamaasai na jamii nyingine za nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ulishuka kusini, ukavuka mto Zambezi mwaka 1896, na mwaka 1897 ukafika Cape. Familia zilizokuwa zikijitegemea kwa mifugo zilifilisika ndani ya msimu mmoja, na vijana wao hawakuwa na njia nyingine isipokuwa migodi. Ni vyema mpenda historia wa Tanzania akumbuke jambo hili: balaa iliyowasukuma wengi kwenda Johannesburg ilipita kwanza kwetu.

Watoto wa watu hao ndio waliokaa mbele ya mwalimu Sontonga. Walitoka katika kabila na lugha mbalimbali, wengi wakiwa hawajatulia mahali pamoja kwa muda mrefu. Shule za misheni za wakati huo hazikuwa na fedha za serikali za kutosha, na mara nyingi zilitegemea karo ndogo, sadaka na maonyesho ya hadhara. Hapa ndipo muziki ulipopata kazi. Kwaya ya wanafunzi iliimba mbele ya wazazi na majirani, watu wakachangia chochote walichokuwa nacho, na jioni ile kitongoji kizima kikawa na mahali pa kukutana pasipokuwa kilabu cha pombe wala foleni ya pasi.

Maonyesho hayo yalidai nyimbo mpya kila mara, na Sontonga alizitunga mwenyewe, maneno na muziki. Hakukuwa na duka la kuzinunulia, wala mtu wa kumchapishia. Aliandika kwa mkono, katika solfa, kwenye vipande vya karatasi vyovyote vilivyopatikana, akawagawia wanafunzi. Waliomfahamu walimkumbuka kwa kipaji hicho cha kutunga bila kukoma, na pia kwa kazi ya kupiga picha, ambayo aliifanya pembeni mwa ualimu. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji maarufu wa Kanisa la African Methodist Episcopal, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo zake zilisikika kuwa za huzuni. Wengi walizihusisha huzuni hizo na maisha ya Waafrika wa Johannesburg, na pengine hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine. Lakini huzuni hiyo haikuwafukuza watu. Kwaya yake ilialikwa kuimba sehemu mbalimbali za Johannesburg na hata Natal, na kwaya nyingine zikaanza kuiga nyimbo zake. Kila mwanafunzi aliyehama na wazazi wake alihama na karatasi, au angalau na wimbo kichwani. Jamii ya waimbaji iliyoanzia katika chumba kimoja cha darasa ikasambaa bila ofisi, bila katiba na bila mfuko.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka ipatayo 24, Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Kilichotoka mkononi mwake kilikuwa kifupi, ubeti mmoja na kiitikio chake, kwa Kixhosa. Ni sala. Inamwomba Mungu aibariki Afrika, na inalitaja bara, wala si kabila fulani, koloni fulani au mfalme fulani. Kwa sikio la leo neno hilo halishangazi. Mwaka 1897 lilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa imepita miaka 12 tu tangu mataifa ya Ulaya yamalize Mkutano wa Berlin, na katika ramani za wakubwa Afrika ilikuwa mafungu ya rangi. Mwalimu wa watoto wa wachimba dhahabu, mwenye darasa la Waxhosa, Wasotho, Wazulu na Washangaan, aliwapa neno moja ambalo wote waliweza kusimama chini yake.

Kimuziki, wimbo ule ulitungwa na mtu aliyejua sauti za wanafunzi wake. Lahani haipandi juu mno wala kuzama chini mno. Mapatano ya sauti ni yale ya msingi, ambayo kwaya yoyote ya shule inaweza kuyashika bila kinanda. Unaanza taratibu kama tenzi ya kanisani, kisha kwenye kiitikio sauti zinaanza kupokezana kwa namna ambayo kila mtu aliyekulia katika ngoma za Kiafrika anaitambua mara moja. Wapo wataalamu wa muziki wanaosikia ndani yake mwangwi wa tenzi iitwayo Aberystwyth, ya Joseph Parry wa Wales, iliyochapishwa mwaka 1879. Yawezekana. Mwalimu aliyelelewa kwa tenzi hawezi kutunga kana kwamba hajawahi kuzisikia. Hata hivyo, Parry hakuwa na darasa la Nancefield, na kiitikio kile hakikutoka Wales.

Kuna jambo jingine ambalo haligusiwi sana, nalo linatuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tenzi nyingi za wamisionari zilitafsiriwa kutoka Kiingereza na kubanwa ndani ya lahani za Kiingereza, hivi kwamba mkazo wa neno uliangukia mahali pasipo pake, na waimbaji wakajikuta wakitamka lugha yao kama wageni. Kixhosa, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu, na mkazo wake kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sontonga alitunga kwa Kixhosa tangu mwanzo, na lahani yake ikafuata mwendo wa lugha hiyo. Ndiyo maana maneno ya Kiswahili yalipokuja kuwekwa juu ya lahani ile zaidi ya nusu karne baadaye, yalikaa kwa utulivu kana kwamba yalizaliwa pamoja nayo. Mwimbaji wa Tanzania haulazimishi ulimi wake popote.

Wimbo uliimbwa hadharani mwaka 1899, wakati wa kuwekewa mikono Mchungaji Boweni, Mshangaan wa Kanisa la Methodisti. Jambo hilo ni dogo lakini lina uzito wake: wimbo wa Kixhosa, uliotungwa na Mxhosa, ulitumika kumheshimu mtu wa kabila jingine mbele ya mchanganyiko wa watu wa Johannesburg. Mwezi Oktoba mwaka huo huo vita kati ya Waingereza na Makaburu vilianza. Migodi ikafungwa, na maelfu ya Waafrika wakatawanyika kurudi makwao. Kwa mwalimu wa kwaya, kutawanyika huko kulikuwa kama kupoteza waimbaji wote kwa siku moja. Kwa wimbo, kulikuwa safari.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, Sontonga aliendelea na kazi yake. Ilifika wakati akaamua kukusanya karatasi zake zilizotapakaa na kuzinakili katika daftari moja, akikusudia kuzichapisha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila ulichelewa. Aprili 18, 1905, alifariki dunia kwa ugonjwa wa tumbo na kidole tumbo kilichopasuka, akiwa na umri wa miaka 32. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, katika sehemu waliyotengewa Waafrika. Daftari lilibaki mezani, halijafika kwa mchapaji.

Mjane wake, Diana, ndiye aliyebaki na urithi huo. Walimu na viongozi wa kwaya walikuwa wakimjia kuliazima daftari. Walinakili walichohitaji na kwenda zao kufundisha. Inafaa kutafakari picha hiyo: mwanamke aliyefiwa, mwenye mtoto mdogo, akiwa ndiye maktaba ya muziki ya kitongoji kizima, bila malipo, na kila anayeingia akitoka na wimbo. Hatimaye aliuza haki za wimbo kwa peni sita, yaani nusu shilingi ya Kiingereza, ambayo wazee wetu wangeiita sumni. Alifariki mwaka 1929. Kufikia mwaka huo wimbo ulikuwa tayari umerekodiwa kwenye sahani ya santuri na kuchapishwa kitabuni.

Namna ulivyofika huko inaonyesha jinsi shule zilivyobeba kile ambacho mtu mmoja hakuwahi kukibeba peke yake. John Langalibalele Dube, mwalimu na mhariri wa Natal, alikuwa ameanzisha shule ya Ohlange mwanzoni mwa karne ya 20. Kwaya ya shule hiyo ilikuwa ikipanda treni kwenda Johannesburg kufanya maonyesho, na wimbo wa Sontonga ulikuwa miongoni mwa zile ilizozieneza. Aliyeijengea kwaya ya Ohlange sifa kubwa ni Reuben Caluza, mwanafunzi wa shule hiyo aliyekuja kuwa mwalimu wake wa muziki, na baadaye mmoja wa watunzi mashuhuri wa Kizulu. Mwalimu mmoja wa muziki alikufa, mwingine akaupokea wimbo na kuupeleka mbele ya watu wengi zaidi. Hawakuhitaji kukutana.

Januari 8, 1912, wajumbe Waafrika kutoka pande zote za Afrika Kusini walikutana Bloemfontein na kuunda chama cha South African Native National Congress. Dube alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza, na Sol Plaatje kuwa katibu. Wimbo wa Sontonga uliimbwa kufunga mkutano huo. Mwaka 1923 chama hicho kilibadili jina kuwa African National Congress, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Plaatje, akiwa London kwa shughuli za kuwatetea watu wake, aliurekodi wimbo huo kwa sauti yake. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya wimbo huo. Mwaka 1925 ANC iliufanya rasmi kuwa wimbo wa kufungia mikutano yake.

Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, aliongeza beti saba juu ya ule mmoja wa Sontonga, na wimbo kamili ukachapishwa na kiwanda cha Lovedale, chuo kile kile alikosomea mtunzi. Mwaka 1942 Moses Mphahlele alichapisha maneno ya Kisotho. Kadiri maneno yalivyoongezeka, ndivyo lahani ilivyozidi kuwa ya watu wote, na jina la mwalimu likazidi kufifia. Watu wazima waliouimba kwa machozi hawakujua ni nani aliyeutunga, wala hawakuona sababu ya kuuliza.

Tanganyika iliuchukua mwaka 1961, ikiwa nchi ya kwanza huru kuufanya wimbo wake wa taifa. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 ulibaki kuwa wimbo wa Tanzania. Maneno ya Kiswahili yana beti mbili, na mpangilio wake unastahili kutazamwa. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, na Tanzania inangoja hadi ubeti wa pili. Ni nyimbo chache sana za taifa duniani zinazoanza kwa kuliombea bara zima kabla ya nchi yenyewe, na katika hilo Tanzania ilikuwa mwaminifu kwa mwalimu wa Nancefield. Zambia nayo iliichukua lahani hiyo mwaka 1964, na inaitumia hadi leo kwa maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliitumia tangu uhuru wa mwaka 1980 hadi 1994, na Namibia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa mwaka 1990.

Wakati huo huo, nchini kwake, kuuimba wimbo huo mbele ya polisi kulikuwa tendo la ukaidi dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi. ANC ilipigwa marufuku mwaka 1960, na wanachama wake wengi walikimbilia nje, wakiwemo waliopokelewa Tanzania. Walikuwa na kambi Kongwa, walifanya mkutano wao mashuhuri Morogoro mwaka 1969, na baadaye walijenga Chuo cha Solomon Mahlangu huko Mazimbu, katika ardhi iliyotolewa na Serikali ya Tanzania. Wakimbizi hao waliposimama kwenye hafla za wenyeji wao, wimbo wa taifa uliopigwa ulikuwa wimbo wao wenyewe. Kwao marufuku, huku ugenini ukipigiwa saluti. Hakuna mwanadiplomasia ambaye angeweza kubuni ukaribisho ulio bora kuliko huo.

Kaburi la mtunzi lilikuwa limepotea kwa miongo kadhaa. Baada ya uhuru wa Afrika Kusini kazi ya kulitafuta ilifanyika, na kwa muda haikuzaa matunda kwa sababu iliyo rahisi mno: watafutaji walipekua daftari la mazishi chini ya jina Sontonga, ilhali karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika Enoch tu, kama ilivyokuwa desturi ya kuwaandika Waafrika kwa jina la ubatizo pekee. Lilipotambuliwa, Serikali ililitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, na Septemba 24, 1996, siku ya kitaifa ya urithi, Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo. Siku hiyo marehemu alitunukiwa pia nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka, miaka 91 baada ya kifo chake.

Mwaka uliofuata, Afrika Kusini iliunganisha nyimbo mbili ilizokuwa ikizitumia tangu 1994 kuwa wimbo mmoja wa taifa wenye lugha tano, unaoanza na lahani ya Sontonga. Nancefield alikofundisha sasa ni sehemu ya Soweto. Daftari lake, ambalo walimu walikuwa wakiliazima kwa mjane, linasemekana lilibaki mikononi mwa jamaa na likapotelea huko. Katika nyimbo zote alizowaandikia wanafunzi wake kwenye vipande vya karatasi, ni mmoja tu unaojulikana kwa umma.